Nyoka katika Wavu: Rangi Yake, Dume au Jike?

1. Nyoka wa ziwani

Mji wa Kalemie umejengwa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani na kushika njia ya kwenda Lualaba. Zamani, wakati wa Wabelgiji, mji huu uliitwa Albertville. Watu wake wengi wanaishi kwa samaki. Usiku wavuvi huvua ndakala kwa taa, na asubuhi huvuta nyavu zao ufukoni.

Mara moja moja wavu huleta nyoka pamoja na samaki. Hapo watu wengine hupiga makelele na kukimbia. Wengine hutafuta fimbo. Tena huweza kutokea mtoto mwenye ujasiri akasema: «Huyu ni wa rangi ya udongo tu. Hana sumu. Nitamtia katika ndoo nimfuge nyumbani.» Na wenzake huuliza: «Ni dume au jike?»

Katika maneno hayo machache mna mambo matatu. La kwanza, nyoka huyu ni wa aina gani? La pili, rangi yake ina maana gani? La tatu, ni dume au ni jike? Kila jambo lina njia yake ya kujulikana. Lakini mwanafunzi ashike utaratibu. Mtu akikosea jambo la kwanza, anaweza kufa kabla hajajua la tatu.

2. Nyoka wawili, rangi moja

Katika Ziwa Tanganyika kuna nyoka wawili wanaokula samaki, nao hufananishwa mara nyingi.

Wa kwanza ni nyoka mdogo wa maji. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo au kijivu, na tumbo lake lina umanjano. Hutembea zaidi usiku. Hana sumu. Humkamata samaki kwa meno na kumbana kwa mwili wake. Nyoka huyu hapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika ziwa hili. Wataalamu humwita Lycodonomorphus bicolor, na neno bicolor maana yake ni «mwenye rangi mbili».

Wa pili ni fira wa maji. Huyu ni ndugu wa fira wa nchi kavu, yule anayetanua shingo akikasirika. Ni mnene, na wengi hupita urefu wa metre moja na nusu. Wengine hupita hata metre mbili. Hutembea mchana, hukaa penye mawe mengi kando ya maji, na huogelea na kupiga mbizi kwa ustadi mkubwa. Chakula chake ni samaki. Si mkali, na mara nyingi akimwona mtu humkimbia. Lakini sumu yake ni kali sana. Sumu hiyo hushika mishipa ya fahamu, na mtu aliyeumwa huweza kushindwa kuvuta pumzi.

Mwaka 1886 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Louis Dollo, aliandika habari za fira huyu wa Tanganyika kwa mara ya kwanza. Alimpa jina la Storms, yaani yule ofisa Mbelgiji aliyejenga boma la Mpala, kusini ya Kalemie, mwaka 1883. Mpaka leo nyoka huyu anaitwa fira wa maji wa Storms.

Sasa angalieni rangi yake. Mwili wake mwingi ni wa rangi ya udongo, kama yule mdogo asiye na sumu. Tofauti inayoonekana haraka ni shingoni: fira wa Tanganyika ana mistari michache myeusi inayozunguka shingo kama pete. Lakini nyoka akiwa ndani ya maji machafu, au amejikunja katika wavu pamoja na majani na matope, pete hizo hazionekani. Mtu huona kipande cha mwili wa rangi ya udongo, basi. Naye akisema «wa rangi ya udongo hana sumu», amejitega mwenyewe.

Tena kuna jambo la ajabu. Katika mito ya bonde la Kongo, upande wa magharibi, yuko fira wa maji wa aina hiyo hiyo, lakini pete zake nyeusi zinafuatana tangu shingoni mpaka mkiani. Mtu akiwaweka wawili hao pamoja, mmoja wa Tanganyika na mmoja wa mtoni, atadhani ni nyoka wa aina mbili. Kumbe ni aina moja yenye mavazi mawili.

Basi tumepata mafundisho mawili. Nyoka wa aina mbalimbali huweza kuwa na rangi moja. Na nyoka wa aina moja huweza kuwa na rangi mbalimbali.

3. Wataalamu hutazama nini?

Mtaalamu haanzi kwa rangi. Huanza kwa magamba. Magamba ya nyoka yamepangwa kama mabati juu ya nyumba, na kila aina ina mpango wake. Mtaalamu huhesabu safu za magamba ya mgongoni, magamba ya tumboni, na magamba ya chini ya mkia. Hutazama kama magamba ni laini au yana mgongo katikati. Hutazama pia magamba ya kichwani, kati ya pua na jicho. Nyoka wengi wasio na sumu wana gamba moja dogo mahali hapo. Fira na jamaa zake hawana.

Ishara hii ni nzuri, lakini ni ndogo kuliko punje ya mchele. Ili kuiona ni lazima kusogeza uso karibu kabisa na kichwa cha nyoka. Ndiyo sababu kazi hiyo hufanywa juu ya nyoka aliyekufa, au aliyeshikwa na fundi mwenye vyombo vyake. Si kazi ya ufukoni, wala si kazi ya mwanafunzi.

4. Mtaalamu aliyekuwa na shaka

Hata mafundi huingia hatarini. Sikilizeni habari ya Karl Patterson Schmidt.

Bwana huyu alikuwa Mmarekani, naye alijua nyoka kuliko watu karibu wote wa wakati wake. Tangu mwaka 1919 aliandika vitabu juu ya wanyama watambaao wa Kongo, akitumia wanyama walioletwa New York na wasafiri waliozunguka Kongo kati ya mwaka 1909 na 1915. Baadaye alifanya kazi katika nyumba kubwa ya kuhifadhi vitu vya elimu huko Chicago.

Mwezi wa Septemba mwaka 1957, bustani ya wanyama ya Chicago ilimletea nyoka mdogo kutoka Afrika, ili aseme ni wa aina gani. Umbo la kichwa na magamba ya mgongo yalimwonyesha kuwa ni ngole, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa. Lakini ishara moja haikukubaliana na nyingine. Gamba linalofunika tundu la chini, mwanzoni mwa mkia, kwa kawaida katika ngole limegawanyika mara mbili. Katika nyoka huyu lilikuwa zima. Basi wakabaki na shaka. Katika kumshika na kumtazama, nyoka akamwuma Schmidt kidole gumba.

Jino moja tu liliingia. Nyoka alikuwa mdogo. Schmidt alidhani sumu haitoshi kumwua. Akarudi nyumbani kwa treni, akawa anaandika katika daftari kila alichosikia mwilini: kichefuchefu, baridi, homa, damu kutoka ufizini. Kesho yake asubuhi alijiona nafuu, akala, akapiga simu kazini. Alasiri ya siku hiyo, tarehe 26 Septemba, alikufa. Sumu ya ngole huzuia damu isigande, naye alikuwa amevuja damu ndani ya mwili.

Schmidt alikuwa na miaka 67, na elimu yake ilikuwa kubwa. Hakukosa kwa ujinga. Ila shaka yake ilikuwa bado haijaisha, na kidole kilikuwa karibu mno. Watoto, shikeni neno hili: nyoka asiyejulikana ahesabiwe kuwa ana sumu mpaka ijulikane kwa hakika kwamba hana.

5. Kwa nini rangi hudanganya

Rangi ya nyoka hutoka wapi? Ndani ya ngozi yake mna chembe ndogo sana zenye rangi. Nyingine ni nyeusi, nyingine za manjano au nyekundu. Nyingine hazina rangi yake mwenyewe, bali hurudisha mwanga wa buluu, kama kioo. Buluu hiyo ikipita katika chembe za manjano, jicho la mtu huona kijani. Ndiyo sababu nyoka wa kijani akiwekwa siku nyingi katika chupa ya pombe kali hugeuka buluu: manjano yametoka, buluu imebaki.

Rangi hubadilika pia nyoka akiwa hai. Siku chache kabla ya kuvua gamba lake, rangi huzimika na macho huwa kama yana maziwa. Akisha kuvua, hung'aa kama mpya. Tena watoto wa nyoka wengine hawafanani na wazazi wao. Mtoto wa ngole ni wa kijivu na kahawia, na macho yake ni ya kijani safi, akikua, hugeuka.

Jina nalo huweza kudanganya. Koboko huitwa mweusi kwa lugha za Wazungu. Mtu akimngoja nyoka mweusi hatamtambua, kwa sababu mwili wa koboko ni wa kijivu au wa rangi ya majani makavu. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake. Na mtu anayekiona kinywa hicho wazi amekwisha kusogea karibu kupita kiasi.

6. Rangi ya kurithi

Kuna nchi ambako watu hufuga nyoka nyumbani kama wengine wanavyofuga njiwa. Wengi hufuga chatu mdogo wa Afrika ya Magharibi, ambaye akiogopa hujikunja kama mpira. Huyu hana sumu. Anatoka hasa Ghana, Togo na Benin, na hupatikana mpaka Uganda. Porini ni mweusi mwenye mabaka ya kahawia. Lakini Ulaya na Marekani wafugaji wamepata wa manjano na weupe, wa rangi ya chungwa, wenye mistari, hata weupe kabisa. Mtu akinunua mmoja huuliza kwanza: ni wa rangi gani, na ni dume au jike?

Rangi hizo zilipatikanaje? Aliyefungua njia ya kujua ni mtawa mmoja, Gregor Mendel, wa mji wa Brno katika nchi ya Chekia. Yeye hakufuga nyoka. Alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akahesabu kwa uvumilivu zilizozaliwa namna hii na namna ile. Mwaka 1866 alichapisha alichokiona. Kila mtoto hupokea sehemu moja kutoka kwa baba na sehemu moja kutoka kwa mama. Sehemu nyingine ina nguvu na huonekana. Nyingine hujificha.

Chukueni mfano wa chatu asiye na weusi, yule mweupe na manjano. Sehemu inayoondoa weusi ni ya kujificha. Chatu mwenye sehemu moja tu ya namna hiyo anafanana na wenzake wote. Jicho haliwezi kumtambua. Lakini dume na jike, wote wawili wakiwa nayo kwa siri, hupata watoto hivi: katika kila watoto 4, kwa kukadiria, 1 atakuwa mweupe na manjano, 2 watakuwa wa kawaida wenye siri, na 1 wa kawaida bila siri.

Basi rangi ya nje haitoi habari yote hata juu ya nyoka aliyezaliwa katika sanduku la mfugaji. Seuze nyoka wa ziwani ambaye hakuna anayewajua wazazi wake.

7. Dume au jike?

Jogoo ana upanga, mbuzi dume ana ndevu. Nyoka hana alama za namna hiyo. Katika aina nyingi dume na jike wana rangi moja.

Ngole ni mmoja wa wachache wanaotofautiana. Madume wakubwa mara nyingi ni wa kijani, na majike mara nyingi ni wa kahawia. Hata hivyo si sheria: wako majike ya kijani. Wanakijiji wakimwona wa kijani na wa kahawia katika mwembe mmoja, wengine husema ni nyoka wa aina mbili, mmoja mbaya na mmoja mwema. Kumbe huenda ni mume na mke, na wote wawili wana sumu ile iliyomwua Schmidt.

Ishara inayosaidia zaidi ni mkia. Mkia wa nyoka hauanzi nyuma ya kichwa, kama watoto wengine wanavyodhani. Unaanzia kwenye lile tundu la chini. Dume ana viungo viwili vya uzazi, navyo vimefichwa ndani ya shina la mkia. Kwa hiyo mkia wa dume ni mrefu, na shina lake ni nene. Mkia wa jike kwa kawaida ni mfupi, na hupungua unene mara moja baada ya tundu. Chatu wana ishara nyingine: pande mbili za tundu zimo kucha ndogo, masalio ya miguu ya nyuma, na za dume huwa kubwa zaidi.

Ukubwa nao hudanganya. Mtu akiona chatu mkubwa sana husema: «Hili ni dume.» Lakini katika chatu jike ndiye mkubwa. Yeye hutaga mayai mengi, akajizungusha juu yake kuyalinda.

Tena watu wakiona nyoka wawili wamesimama wakijisokota pamoja, husema ni mume na mke. Mara nyingi ni madume wawili wanaopigana mieleka, kila mmoja akitaka kumlaza mwenzake chini. Koboko hufanya hivyo. Anayeshindwa huondoka.

Mafundi wakitaka hakika hutumia kijiti laini cha chuma kupima ndani ya shina la mkia. Katika dume huingia mbali, katika jike huishia karibu. Asiye fundi akijaribu, atamwumiza nyoka, na nyoka atamwumiza yeye.

8. Shule ya gamba

Je, mwanafunzi hana njia ya kujifunza? Anayo, nayo ni njema. Nyoka hujivua gamba mara kadhaa kwa mwaka, akaliacha katika mawe au majani. Gamba haliumi. Mwanafunzi akishaangalia kwa kijiti kirefu kwamba mwenyewe hayupo karibu, alichukue gamba alipeleke shuleni, wakalitandaze juu ya karatasi pamoja na mwalimu.

Hapo yote yaliyosemwa yanaweza kuonekana. Magamba ya mgongoni yahesabiwe kwa safu. Tundu litafutwe, na mkia upimwe kutoka hapo mpaka ncha. Magamba ya chini ya mkia yahesabiwe, na kiota cha kichwa kitazamwe kati ya pua na jicho. Rangi haitakuwapo, ila kivuli chake tu. Na hilo ni faida: mwanafunzi atalazimika kutumia ishara zilizo bora kuliko rangi. Lakini akumbuke kwamba gamba hunyoshwa wakati wa kuvuliwa, hata likawa refu kuliko nyoka mwenyewe.

9. Na nyoka aliye katika wavu?

Aliye katika wavu asishikwe kwa mkono, hata akionekana amekufa. Kichwa kilichokatwa huweza kuuma bado. Watoto warudi nyuma, na wavuvi waufungue wavu kwa fimbo ndefu wampe njia ya kurudi majini. Yeye alifuata samaki kama wao.

Mtu akiumwa, alazwe atulie, asikimbie. Pete na bangili zivuliwe kabla ya kuvimba. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Kifungwe kwa ubao kama mfupa uliovunjika. Kisha apelekwe hospitali upesi, kwa pikipiki, kwa mtumbwi, kwa cho chote kilicho karibu. Asichanjwe, jeraha lisinyonywe, mguu usikazwe kwa kamba. Nalo lile jiwe jeusi linalowekwa juu ya jeraha katika nyumba nyingi za Kongo halivuti sumu. Linavuta saa tu, na saa ndizo uhai wa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni watu wa mashamba na wavuvi, na watoto wao.

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini aliyefundishwa haumwi kwanza ndipo ashtuke. Huangalia kwa mbali, huhesabu ishara zote, na akikosa hakika huondoa mkono wake.

Maswali

1. Ni nyoka gani wawili wa Ziwa Tanganyika wanaokula samaki? Wanatofautianaje?
2. Kwa nini Schmidt na wenzake walikuwa na shaka juu ya nyoka wao?
3. Koboko ana weusi wapi?
4. Chatu wawili wa kawaida wanaweza kuzaa mtoto mweupe na manjano. Eleza kwa nini.
5. Mkia wa nyoka unaanzia wapi? Mkia wa dume unakuwaje?
6. Mtu ameumwa na nyoka ufukoni. Taja mambo matatu ya kufanya na matatu ya kuacha.